Mwendo Wako Ni Sifuri

Ijumaa moja usiku, kwenye sebule ya kupanga huko Sinza, dubu-bundi alimkamata mchawi wetu. Mimi ndiye niliyekuwa mwendesha mchezo, kwa hiyo dubu-bundi alikuwa mimi. Nilimwambia mwenye mchawi, "Makucha yamekuingia mabegani. Amekuvuta kifuani kwake. Huoni kitu, unanusa manyoya mabichi tu."

"Nimepoteza pointi ngapi?"

"Kumi na nne."

"Na huko kukamatwa kunanifanya nini?"

Nikafungua karatasi zetu nikamsomea: mwendo wako ni sifuri.

Akacheka. "Basi poa, kaka. Kwani nilikuwa naenda wapi?" Kisha, akiwa amebanwa kifuani mwa mnyama asiyeweza kupita mlangoni bila kuinama, akafanya uchawi wa moto ambao maelezo yake yanasema unafanywa kwa kugusanisha vidole gumba viwili na kutandaza vidole vilivyobaki. Nilitafuta kanuni ya kumkatalia. Haipo. Dubu-bundi akaungua, meza ikashangilia, mtu akaenda jikoni kuongeza chai.

Mimi sikushangilia. Wiki tatu kabla ya Ijumaa hiyo nilikuwa nimepigwa roba.

Nitaieleza roba hiyo baadaye. Kwanza niseme ninachotaka kusema, ili asiyekubaliana nami aanze kukasirika mapema. Michezo hii tunayoipenda imeogopa mwili wa mtu kwa nusu karne. Inajua kuhesabu upanga, haijui kukaba. Na kwa sababu haijui kukaba, imetujazia vitabu vya mazimwi yasiyotisha.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye meza hizi: watu wanne au watano wanakusanyika, kila mmoja na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, nguvu zake, wepesi wake, pointi zake za uhai. Mmoja wao hana mhusika. Yeye ni dunia yote iliyobaki: mvua, mwenye duka, mlinzi wa geti, zimwi. Jambo lenye mashaka huamuliwa kwa dadu, mara nyingi ile ya pande 20. Mchezo uliozaa mingine yote, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka 2023 kampuni inayoumiliki iliziweka kanuni za msingi za toleo la 2014 chini ya leseni huria, na hizo ndizo tulizozipeleka steshenari, tukachapisha kurasa tulizomudu kulipia. Dadu tunayo seti moja, ya kugombania.

Chanzo cha uoga huo kinaeleweka. Mchezo ulitoka kwenye michezo ya vita, ile ya kupanga majeshi ya vinyago juu ya meza. Gygax alishiriki kuandika kanuni za majeshi ziitwazo Chainmail, zilizotoka mwaka 1971, na humo askari ni sehemu ya safu. Safu haina shingo, haikabiki. Inapigwa, inapungua, inavunjika. Mchezo ulipohama kutoka jeshi kwenda kwa mtu mmoja mmoja, ulihama na hesabu ile ile: nirushe dadu nikupunguzie namba, urushe dadu unipunguzie namba. Upanga uliingia humo bila tabu. Mikono ilikataa kuingia.

Wamejaribu kuilazimisha. Kitabu cha mwendesha mchezo cha mwaka 1979 kiliweka utaratibu wa peke yake wa kupigana bila silaha, wa asilimia na nyongeza na mapunguzo. Ukitaka kumshika mtu shati, ilibidi kwanza uwe karani. Toleo la pili, la 1989, lilikuja na jedwali: unarusha dadu ya kumvaa mtu, na namba iliyotoka ndiyo inayokuchagulia kama umempiga ngwala, umemkunja mkono au umemtia kabali. Yaani mwili wako umeshaamua, wewe utaletewa taarifa.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilitia fora. Ili umkamate mtu, kwanza yeye anapewa nafasi ya kukupiga bure. Akikuumiza, jaribio lako limekufa hapo hapo. Ukinusurika, unarusha dadu ya kumgusa. Ukimgusa, mnarushiana dadu nyote wawili. Ukishinda, unasogea kuingia pale aliposimama. Hatua nne, watu wote mezani wakisubiri, na wakati huo mwenzako mwenye shoka ameshapiga na kukaa. Wachezaji wakajifunza haraka. Aliyesema "namkaba" alisikia meza nzima ikiguna.

Zimwi halikuulizwa hivyo. Katika masahihisho ya 2003 dubu-bundi akikupata kwa kucha anaruhusiwa kuanza kukukaba papo hapo, bila wewe kupata nafasi ya kumpiga, na nyongeza yake ya kukaba ni 14. Mpiganaji wa ngazi ya nne mwenye nguvu 16 ana nyongeza ya 7. Mkirushiana dadu, michanganyo inayowezekana ni 400, na inayompa mpiganaji ushindi ni 78 tu. Chini ya mara moja katika tano. Binadamu analipia kushika, zimwi linashika bure.

Lakini nitasema ukweli hata kama unaharibu hoja yangu kidogo: kanuni ile iliyochukiwa ilijua kitu. Ilisema ukishakabwa huwezi kutumia upinde, wala upanga mrefu. Una kisu, meno na mikono. Ilisema mchawi aliyekabwa hawezi kufanya uchawi unaohitaji ishara za mikono. Rafiki yangu angekuwa amebanwa kweli. Kanuni ilikuwa sahihi kuhusu mwili, ila ilieleza usahihi huo kwa lugha ya fomu za benki.

Waliofuata wakafanya usafi. Pathfinder, mwaka 2009, ilikusanya hesabu hizo katika namba mbili. Toleo la tano la D&D, la 2014, likapunguza kila kitu hadi sentensi ile niliyomsomea rafiki yangu. Umekabwa? Mwendo wako ni sifuri. Unaweza kupiga. Unaweza kurusha mshale. Unaweza kutandaza vidole. Ukitaka kujinasua, utatoa tendo lako zima la zamu hiyo na kurusha dadu, na kwa kuwa hakuna kilichokupungukia, hakuna mchezaji mwenye akili atakayelitoa. Anabaki pale pale anapiga. Toleo la 2024 limeongeza kwamba aliyekabwa anapata shida kumpiga yeyote isipokuwa anayemkaba. Ni hatua, sikatai, lakini tazama inakotupeleka: mkabe mtu, naye atakupiga wewe. Waliruka majivu wakakanyaga moto.

Sasa roba.

Wasiokaa Dar watanisamehe: roba ni mkono wa mtu aliye nyuma yako unapofunga shingo yako. Nairobi wanaiita ngeta. Ilikuwa kama saa mbili usiku. Nilishuka daladala kituo kimoja kabla ya changu ili ninunue mkate, nikapita njia ya mkato kati ya ukuta wa ghala na mtaro. Sikusikia hatua. Kilichofika kwanza ni kiwiko chini ya kidevu, kisha kiganja cha mkono wa pili kikinisukuma kisogo, na visigino vyangu vikaachana na ardhi.

Hakunipiga. Hakunitukana. Alisema "tulia" kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anyolewe. Shati lake lilinuka sabuni ya kufulia. Nilisikia moyo wake mgongoni mwangu, ukienda mbio kuliko wangu.

Mwendo wangu ulikuwa sifuri, hilo kitabu kilipatia. Ila mwendo ndio kitu nilichokikumbuka mwisho. Kwanza nilikosa sauti. Kisha nikakosa mbele, maana kichwa kilikuwa kimeinuliwa na nilichokiona ni nyaya za umeme na kipande cha anga. Kisha nikakosa mikono, ingawa hakuna aliyeishika. Yote miwili ilikwenda yenyewe kwenye kile kiwiko, ikaganda pale, ikining'inia. Simu ilikuwa mfuko wa mbele. Ningeweza kuitoa na kuitupa mtaroni. Ningeweza kumpa. Mikono ilikataa kuachia kiwiko. Mtu wa pili akaja mbele, akanipapasa kama fundi nguo, akachukua simu na pochi. Kiwiko kikalegea. Nilipopata pumzi nilikuwa nimepiga magoti na mkate uko pembeni, haujakanyagwa hata kidogo.

Kwa kanuni za meza yetu nilipoteza pointi sifuri.

Nilikaa wiki mbili nikimeza mate kwa uchungu, na kwa sababu mimi ni mtu wa michezo hii, nilikuwa nikiyapitia yale mambo kama mwendesha mchezo. Kipigo hakikuwepo. Jambo lote lilikuwa na mafundo matatu. Alinishika kwa namna fulani, na namna hiyo iliniondolea vitu fulani na kuniachia vingine. Alitaka kitu. Na kulikuwa na sababu iliyomfanya aniachie. Hakuna hata fundo moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye sentensi ya "mwendo wako ni sifuri".

Hebu tulipitie banda la wanyama la kitabu cha 2014 kwa macho hayo. Chatu mkubwa yupo. Ana pointi 60 za uhai, akikuzungushia mwili anakuumiza wastani wa pointi 13, na unaweza kujaribu kujinasua. Anataka nini? Hakuna. Atakubana hadi uishe, kisha atambana mwenzako. Kumeza hajui. Nasema kweli, chatu mkubwa wa kitabu hicho hamezi mtu, ila chura mkubwa wa kitabu hicho hicho anameza. Pweza mkubwa naye yupo. Akishamshika mtu mmoja, kanuni inasema hawezi kuitumia minyiri yake kwa mtu mwingine. Yote minane imepata kazi. Mwulize mama yeyote anayechokoa pweza miambani maji ya bamvua yakipwa kama pweza hushika kitu kimoja tu kwa wakati.

Na dubu-bundi mwenyewe? Huyu alibuniwa kutokana na kidude cha plastiki cha bei rahisi kilichotengenezwa Hong Kong, aina ya vile wanavyouza machinga kwenye foleni, akaingia kwenye mchezo mwaka 1975. Katika kitabu cha mazimwi cha 1977 kilichomtofautisha ni kumbatio: akikupata sawasawa kwa kucha, anakuvuta kifuani. Mwaka 2014 kumbatio likafutwa. Anapiga mara moja kwa mdomo na mara moja kwa makucha, zamu inaisha. Lile nililomfanyia mchawi wetu nililiazima kutoka matoleo ya zamani. Dubu asiyekumbatia, mwenye kichwa cha bundi asiyeleta nuksi, anabakije zimwi? Ni gunia la pointi lenye manyoya.

Nyoka wa kweli anatisha kuliko huyo wa kitabuni, na haitishi nguvu yake peke yake. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwapa boa panya waliokufa, waliotiwa moyo wa bandia unaodunda. Boa walibana kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi wakati moyo ule ukidunda kuliko ulipokuwa kimya. Chatu wetu si boa, ni jamii ya mbali, lakini kazi yao ni moja. Nyoka yule anasikiliza. Amekushika na anakujua kuliko mama yako anavyokujua kwa dakika hiyo. Wazee wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mimi kila siku niliielewa methali hiyo kama faraja. Tangu usiku ule naisikia pia kama maelezo ya kukabwa: zimwi la kweli ni lile lililokaribia kiasi cha kukujua.

Hadithi zenyewe zinalijua hili. Grendel, zimwi la shairi la kale la Waingereza, hakushindwa kwa upanga. Beowulf alimshika mkono na kung'ang'ania hadi ukang'oka begani. Simba wa Nemea hakupenya silaha, ndiyo maana Hercules alimkaba koo. Yakobo alipigana mieleka usiku kucha, akaondoka akichechemea na jina jipya. Na sisi tuliolala kwa bibi tunalijua lile zimwi lililomkuta binti amerudi peke yake pwani kufuata kombe lake alilolisahau. Lilimpiga? Lilimtia ndani ya ngoma. Likazunguka naye vijijini likimwimbisha ili lipewe chakula, na akapona siku walipofika kwao na wazazi wakaitambua sauti yake.

Angalia ilivyo kamili. Linashika kwa ngoma: hawezi kutoka, hawezi kuonekana, ila sauti anayo. Linataka kula, na wimbo ndio mtaji. Linampoteza pale sauti inapotambuliwa. Bibi hakuwa na dadu na alitunga zimwi bora kuliko kitabu kizima.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia yote kwenye sebule ile.

La kwanza ni kwamba mchezo lazima uende haraka. Nakubali, na kwa sababu hiyo naishangaa hoja hii. Mapigano ya mazimwi sita, kila moja likipiga mara mbili, na kila mtu akiinama kutoa namba kwenye karatasi yake kwa dakika 40, hayo ndiyo haraka? Mtu aliyekabwa sawasawa husimamisha mapigano yote. Hakuna tena anayeuliza zimwi limebakiwa na pointi ngapi. Wanauliza watamtoaje mwenzao.

La pili ni kwamba hii ni fantasia. Palipo na joka usidai uhalisia. Sidai uhalisia. Sitaki jedwali la mifupa ya shingo, tulishaona mwaka 1979 linatufikisha wapi. Ninachodai ni kwamba neno lililotumika libebe maana yake. Ukimwambia mchezaji "umekabwa", na maisha yake yaendelee kama kawaida, umesema uongo, na uongo huo hauna hata ladha ya fantasia.

La tatu ni la wakongwe: mwendesha mchezo mzuri atajiongeza. Atajiongeza, ndiyo. Lakini rafiki yangu hakuniuliza mimi ninaonaje. Aliuliza kukamatwa kunamfanya nini, na aliyejibu ni kitabu. Kanuni ikinyamaza, anayeshinda ni mwenye mdomo mpana mezani. Nimekaa kwenye meza ambazo dada mmoja kati ya wanaume watano alikuwa na wazo bora kila wiki na hakupata kulimaliza. Kwake yeye kanuni iliyoandikwa ndiyo iliyokuwa inampa nafasi ya kusema.

La nne ndilo lililonisumbua. Nilipowaeleza kwa nini sikushangilia, yule mwenye mchawi alikaa kimya, akazungusha kikombe chake, kisha akasema, "Kaka, pole sana. Lakini sisi tunakuja hapa kusahau roba, hatuji kuifanyia mazoezi."

Sikuwa na jibu usiku ule. Hoja yake ni nzito na haihusu mimi tu. Kwenye meza yoyote ya watu watano hapa mjini, hujui nani amewahi kushikwa, na kwa nini. Wako walioshikwa kwa mambo mabaya kuliko simu. Ndiyo maana sasa, kabla ya kuanza, tunaweka katikati ya meza kadi yenye alama ya X, utaratibu aliouanzisha Mmarekani John Stavropoulos: yeyote akiigusa, tukio linarukwa, na hakuna anayeulizwa sababu. Ninayedai kukaba kuwe kukaba ndiye ninayepaswa kuwa wa kwanza kuiweka kadi hiyo.

Lakini nimeendelea kuifikiria sentensi yake, na naona inachanganya vitu viwili. Kilichonitesa wiki zile hakikuwa kukumbuka. Nilikuwa nakumbuka hata nikipiga mswaki. Kilichonitesa ni kwamba katika dakika ile sikuwa na zamu. Kila kitu kilitendwa, mimi nikiwa kitu. Mchezo wa mezani una kitu kimoja ambacho njia ya mkato haina: hata uliyeshikwa, zamu yako itafika, na watu wote watakugeukia wakuulize, "Unafanya nini?" Hiyo ndiyo thamani yake yote. Kanuni inayosema hakuna kilichobadilika imeniondolea swali hilo. Na kanuni inayosema rusha dadu, ukishindwa subiri, rusha tena, ukishindwa subiri, imenirudisha mtaroni.

Kwa hiyo nikaandika yangu. Haina hesabu. Kwa kila zimwi linaloshika, mistari mitatu: linashika kwa nini, linataka nini, litaachia kwa nini. Mstari wa kwanza unasemwa wazi mezani mara mtu anaposhikwa, na lazima utaje kilichopotea na kilichobaki. Wa pili na wa tatu wachezaji wanaweza kuvigundua kwa kutazama, kuuliza, kukumbuka walichokiona njiani. Dadu inarushwa pale tu mtu anapojaribu kitu ambacho kinaweza kushindikana. Anayetaka kujinasua kwa mabavu ajaribu, zimwi halikukatazwa kushindwa. Na kanuni ni moja kwa pande zote: mchezaji akimkamata zimwi naye anasema mistari yake mitatu, bila kupigwa bure kwanza.

Ijumaa nyingine dubu-bundi alirudi. Nilikuwa nimeyaandika nyuma ya risiti ya duka. Anashika kwa kumbatio: mikono ya aliyeshikwa imebanwa kifuani, pumzi ni ya maneno mawili kwa zamu. Anataka kumfikisha pangoni akiwa hai, makinda yakajifunze kula. Ataachia akisikia kinda likilia mahali pengine.

Akamkamata nani? Mchawi yule yule. Niliitazama kadi, nikamtazama mwenyewe. Akatikisa kichwa kwamba twende.

"Mikono sina?"

"Huna."

"Mdomo?"

"Unao. Maneno mawili."

Alinyamaza. Nadhani ulikuwa ukimya mrefu kuliko wote tuliowahi kuwa nao katika meza ile. Hata feni ilisikika. Dubu-bundi alikuwa akitembea, nikawaeleza mti mmoja baada ya mwingine unavyopita. Mwenye shoka alitaka kupiga, akajizuia, maana mwenzake alikuwa mbele ya kifua. Yule dada mwenye mhusika mwizi ndiye aliyekuwa amechungulia pangoni mchana na kuyasikia makinda, ila alikuwa amelisahau. Mchawi hakulisahau. Alimgeukia, akainua vidole viwili kuonyesha anayatumia maneno yake yote, akasema:

"Iga kinda."

Dada akarusha dadu. Ikatoka 15, akapiga ukulele ambao majirani waliusikia. Kumbatio likafunguka.

Baadaye tukiosha vikombe, mwenye mchawi aliniambia kwamba usiku ule ndio mara ya kwanza mhusika wake kukabwa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ningesema nini mimi, kama ningekuwa na maneno mawili. Nikamwambia bado natafuta.

Hiyo ndiyo kesi yangu. Kama una meza, fungua kitabu chako pale penye zimwi linaloshika. Kata ile sentensi ya mwendo kwa kalamu, ni karatasi zako. Andika linashika kwa nini, linataka nini, litaachia kwa nini. Kisha mshike mtu, umtazame, umuulize anafanya nini, na umsubiri ajibu.